Ng'ombe wa Ihefu na maji ya kiangazi: tathmini ya Usangu na sera iliyokwenda njia yake

Desemba 1993 Mto Ruaha Mkuu ulikatika. Pale Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako maji yake yamekuwa yakipimwa kwa miongo kadhaa, palibaki mchanga na madimbwi. Mto huu hupungua kila kiangazi na hilo lilikuwa limezoeleka, lakini kukatika kabisa lilikuwa jambo jipya. Mwaka uliofuata ukakatika tena, na mwingine tena, na kufikia mwishoni mwa muongo ule kipindi cha ukavu kilikuwa kimerefuka hadi takriban miezi mitatu. Viboko walibanana kwenye madimbwi ya tope, na wanyama wengine wanaoutegemea mto wakati wa kiangazi wakahangaika.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu ni vigumu kupata jambo la mazingira Tanzania lililochunguzwa kwa kina kama hili, tena kwa fedha nyingi na kwa miaka mingi, kisha uamuzi mkubwa wa serikali ukaenda kinyume na kilichogunduliwa. Anayetaka kujua tathmini ya mifumo ikolojia inawezaje kuongoza sera, na inakwama wapi, Usangu, tambarare ambayo maji ya mto huu huipitia kabla ya kufika hifadhini, inamfundisha kuliko kisa ambacho kila kitu kilikwenda sawa.

Maji yanavyopita

Tuanze na maji yenyewe, maana bila kuyafuata hoja zote zitachanganyika. Yanaanzia milima ya Kipengere na Uporoto upande wa kusini, kwenye mvua nyingi, kisha yanashuka kwenye tambarare ya Usangu ambayo yenyewe ni kavu. Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha wenyewe hutoka upande huo wa milimani. Ndembera unatoka upande wa Mufindi. Yote hukusanyika kwenye ardhioevu ambayo masika husambaa kama bahari ya majani, na kiangazi hunywea hadi kubaki kinamasi kidogo cha kudumu. Hicho kinamasi ndicho Ihefu.

Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, N'giriama, na pale mlangoni pana mwamba uliolala kama kizingiti. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unatoka na kuelekea hifadhini, kisha bwawa la Mtera, kisha Kidatu, mwisho Rufiji. Maji yakishuka chini ya mwamba, hata kwa kiasi kidogo, hakuna kinachotoka. Kinamasi kinaweza kuwa na maji mengi machoni pa mtu aliyesimama kando yake, na bado mto wa chini ukawa mkavu kabisa. Ni mizani ya kila siku: yanayoingia kutoka mitoni upande mmoja, yanayopotea hewani kwa jua kali la Septemba na Oktoba upande wa pili. Yanayoingia yakizidiwa, mwamba unafunga.

Umbo hili la nchi ndilo linalobeba kisa chote. Yeyote anayedai kujua nani alikausha mto ni lazima aeleze ni nini kilipunguza maji yanayoingia Ihefu katika miezi ya kiangazi. Maji ya mwaka mzima hayajibu swali hilo.

Washukiwa

Usangu si nchi ya kabila moja. Wasangu wenyewe wapo, na Wahehe, Wabena, Wanyakyusa na Wakinga wamehamia kulima. Wabaluchi walioweka makazi maeneo ya Rujewa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulima mpunga wa mifereji. Wafugaji Waparakuyo waliingia zaidi miaka ya 1950, na Wasukuma wakafuata kwa wingi kuanzia miaka ya 1970. Serikali nayo ilikuwa mkulima: shamba la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, likafuatwa na Kapunga na baadaye Madibira, kila moja likiwa na hekta zaidi ya elfu tatu za mpunga. Kandokando ya mashamba hayo yakaota maelfu ya majaruba ya wakulima wadogo. Eneo la umwagiliaji ambalo miaka ya mwanzo ya 1970 lilikuwa kama hekta 10,000 lilifika 40,000 na zaidi katika miaka ya mvua nzuri.

Mto ulipokatika, lawama haikugawanywa kwa uwiano huo. Ilimwangukia mfugaji. Maelezo yalikuwa mepesi na yalionekana kwa macho: makundi ya ng'ombe ndani ya kinamasi, udongo uliokanyagwa, majani yaliyoliwa hadi chini. Ilisemwa kwamba mifugo Usangu imefika milioni na zaidi. Mwaka 1998, kabla tathmini yoyote ya kina haijamalizika, sehemu kubwa ya ardhioevu ikatangazwa kuwa Pori la Akiba la Usangu.

Juu ya hapo kulikuwa na umeme. Mitambo ya Mtera na Kidatu inategemea maji haya haya, na nchi ilikuwa imeonja mgawo wa umeme mwaka 1992 na tena katikati ya muongo. Kwa hiyo hoja mbili zikaunganishwa kuwa moja: wafugaji wamekausha mto, mto umekausha Mtera, Mtera imezima taa Dar es Salaam. Ilikuwa hoja yenye nguvu kubwa ya kisiasa, kwa sababu ilimpa mtu wa mjini aliyekaa gizani sababu na mhusika kwa mkupuo.

Tathmini ilikuta nini

Kati ya 1998 na 2002 Wizara ya Maji, kwa fedha za Uingereza, iliendesha mradi wa tathmini na usimamizi wa Usangu uliojulikana kwa kifupi kama SMUWC. Walihesabu mifugo kwa ndege. Walichambua kumbukumbu za vipimo vya mito za miaka mingi, wakalinganisha picha za setilaiti za miongo tofauti, wakakaa vijijini kujua nani anatumia maji gani, mwezi gani, kwa kazi gani. Baada yao ukaja utafiti mwingine, RIPARWIN, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji.

Idadi ya ng'ombe ilianguka ghafla. Zile milioni hazikuonekana. Hesabu ya kutoka angani ilikuta kama laki tatu. Hapa msomaji anaweza kuchukua kalamu. Tuseme ng'ombe mmoja anakunywa lita 30 kwa siku. Ng'ombe laki tatu ni lita milioni 9 kwa siku, ambazo ukizigawa kwa sekunde za siku nzima unapata kama lita 100 kwa sekunde. Mfereji mmoja wa wastani wa umwagiliaji hubeba zaidi ya hapo. Ng'ombe wanaharibu mambo mengine, na kukanyaga kingo za kinamasi si jambo dogo, lakini kwa kinywa chao hawawezi kuukausha mto huu.

Kilichoukausha kilikuwa mifereji, na hasa mifereji ya kiangazi. Mpunga wa Usangu ni zao la masika. Ukishavunwa, kwa kawaida kati ya Mei na Julai, mahitaji ya maji shambani yanapaswa kushuka sana. Lakini mabanio, yaani vizuizi vya mtoni vinavyoelekeza maji mferejini, hayakufungwa. Maji yaliendelea kuingia mferejini Agosti, Septemba, Oktoba: mengine kwa bustani na mahindi ya kiangazi, mengine kwa matumizi ya nyumbani ya vijiji vilivyoota kando ya mifereji, mengine kwa kufyatulia matofali, na mengine yakizurura tu kwenye majaruba matupu na kuishia hewani. Wengine walilowesha mashamba mapema ili wawahi kupanda, maana mpunga unaowahi sokoni hupata bei nzuri.

Na hapa kuna jambo linalouma. Mabanio ya asili, ya mawe, miti na majani, yalikuwa yanavuja, na kule kuvuja ndiko kulikoupa mto wa chini riziki yake wakati wa kiangazi. Miradi ya kuboresha umwagiliaji, ukiwemo ule wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza 1996, ilibomoa mabanio hayo na kujenga ya zege yenye malango ya chuma. Yalijengwa kwa nia njema, kwa jina la ufanisi. Lakini banio la zege linaweza kukinga karibu tone lote la mto uliopungua, jambo ambalo mawe na majani hayakuweza kamwe. Pamoja na zege zikaja haki za maji zilizoandikwa kwa lita kwa sekunde, kiwango kile kile masika na kiangazi. Mkulima aliyelipia kibali chake aliona, na si ajabu akaona hivyo, kwamba maji aliyoyalipia ni yake hata Oktoba. Ukijumlisha vibali vyote, kiangazi vilizidi maji yaliyokuwemo mtoni.

Kuhusu Mtera, tathmini ilivunja ile hoja ya pili kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua. Bwawa lile hujazwa na mafuriko ya masika, na hayo hayakuwa yamepungua kwa kiasi cha kueleza mgawo wa umeme. Tena Mtera inapokea pia maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo, ambayo hayapiti Usangu. Chukua tena kalamu: tuseme Usangu inachukua mita za ujazo 4 kwa sekunde. Kwa siku 150 za kiangazi, hizo ni kama mita za ujazo milioni 52. Nafasi ya maji yanayoweza kutumika Mtera ni takriban mita za ujazo bilioni 3.2. Hata kama kiangazi chote Usangu isingetumia tone, bwawa lingeongezewa chini ya asilimia mbili. Watafiti walipochunguza uendeshaji wa mabwawa yenyewe, walikuta nyakati ambazo maji yaliachiwa kutoka Mtera wakati Kidatu haikuyahitaji. Sehemu ya jibu la mgawo wa umeme ilikuwa kwenye chumba cha kuendeshea malango ya bwawa, kilomita nyingi kutoka kwenye zizi la mfugaji.

Namba moja

Ripoti za SMUWC zilikuwa rundo, na kwa Kiingereza. Katika rundo lote la tafiti za Usangu, mimi naona kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa mtunga sera ni namba moja iliyotoka katika kazi za watafiti mwaka 2006. Waliuliza: ili walau mita za ujazo 0.5 kwa sekunde zitoke N'giriama na kupita hifadhini kiangazi chote, yanahitajika maji kiasi gani kuingia Ihefu? Jibu lilikuwa wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde. Yaliyokuwa yanaingia yalikuwa karibu 4.

Angalia namba hiyo inavyofanya kazi. Inamwambia ofisa wa maji wa bonde kwamba upungufu wake ni kama lita 3,000 kila sekunde, kwa miezi inayojulikana, katika mito inayojulikana. Anaweza kuzigawa: banio hili lifungwe nusu, lile lifungwe kabisa baada ya mavuno, kijiji kile kichimbiwe kisima ili kisitegemee mfereji kwa maji ya kunywa. Anaweza kupima Novemba kama amefaulu au ameshindwa. Maneno kama "kulinda vyanzo vya maji" hayampi hata kimoja kati ya hivyo.

Namba hiyo inaonyesha pia ukatili wa ule mwamba: maji ya mita za ujazo 7 yanaingia ili ya nusu mita tu yatoke, mengine yote yanaliwa na jua na mimea ya kinamasi. Wapo waliouliza kama inafaa. Ni swali halali, na ni swali la sera: nusu mita ya ujazo kwa ajili ya wanyama, utalii na watu wa mto wa chini ina uzito gani ukilinganisha na bustani za nyanya za Oktoba? Tathmini haiwezi kulijibu kwa niaba ya wananchi na serikali yao. Kazi yake ni kuweka bei ya kila uamuzi mezani, nayo iliiweka.

Gololi

Kulikuwa na jaribio jingine la kuwafikishia watu matokeo ambalo lastahili kutajwa, maana lilifanywa kwa watumiaji wenyewe na kwa lugha yao. Watafiti walitengeneza ubao mkubwa uliowekwa kwa mteremko. Katikati umechongwa mto, pembeni mifereji, na kila mfereji unaishia shambani penye vishimo. Gololi zinamiminwa juu zikawa ndizo maji. Kila mchezaji ana vijiti vya kuweka mtoni kama banio lake, na gololi zikijaa vishimo vyake amevuna.

Wakulima wa mabanio ya juu na wa mabanio ya chini walikaa kwenye ubao mmoja. Raundi ya kwanza kila mtu alivuta kwake. Wa juu walijaza vishimo hadi gololi za ziada zikalala bure, wa chini wakatazama. Kisha wakabadilishana nafasi. Mtu wa juu anapojikuta chini, akiona gololi zinaishia kwa wenzake huku shamba lake tupu, haihitajiki hotuba. Raundi za mwisho zilikuwa za mazungumzo: nani aanze, nani asubiri, nani afunge baada ya kujaza. Jumuiya za watumia maji zilizoundwa katika mito kama Mkoji zilitumia mazungumzo ya namna hiyo kupanga zamu halisi. Kama ningeambiwa nichague kati ya mkutano wa uzinduzi wa ripoti kwenye hoteli na ubao ule, nisingesita.

Mwaka 2006

Huku juu, ahadi ilikuwa imeshatolewa. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kwamba Tanzania itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ahadi ilikuwa nzuri na ilikuwa na tarehe. Njia ya kuifikia tayari ilikuwa ikiandikwa na watafiti.

Kisha likaja kiangazi cha 2005. Mvua za vuli zilikosekana na maji ya Mtera yakateremka kutoka kiwango cha kujaa cha mita 698.5 juu ya usawa wa bahari hadi mpaka wa chini wa mita 690, na hata chini yake. Mgawo wa umeme wa 2006 ulikuwa mkali, viwanda vikasimama, serikali mpya ikabanwa kutoka kila upande. Machi mwaka huo Ofisi ya Makamu wa Rais, chini ya Dk. Ali Mohamed Shein, ilitoa mkakati wa hatua za haraka za kuhifadhi ardhi na vyanzo vya maji. Kati ya hatua zake kubwa ilikuwa kuwaondoa wafugaji Usangu.

Operesheni ilianza mwaka huo na kuendelea 2007. Ng'ombe zaidi ya laki mbili waliondolewa, na watu wao kwa maelfu, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani, safari ya mamia ya kilomita. Ng'ombe wengi walikufa njiani. Familia nyingi zilitozwa faini zilizowalazimu kuuza mifugo kwa bei ya kutupa. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali iliunda tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 lile pori la akiba likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo eneo lake likawa kilomita za mraba 20,226, kubwa kuliko hifadhi zote za taifa nchini wakati ule.

Sasa, bila mtu kupanga, serikali ilikuwa imefanya jaribio kamili la kisayansi. Kama ng'ombe ndio waliokausha mto, kuwaondoa kungeurudisha. Ng'ombe waliondoka. Mto uliendelea kukauka. Mwaka 2010 wa ahadi ulifika na kupita. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, aliunda kikosi kazi cha kitaifa cha kuuokoa mto ule ule, na mwaka 2022 ulikauka tena kwa miezi kadhaa.

Wale ng'ombe nao hawakuyeyuka. Sehemu yao iliishia Bonde la Kilombero, ardhioevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2002, na huko nako idadi ya mifugo ilipopanda, mwaka 2012 kukafanyika operesheni nyingine ya kuwaondoa. Nchi ililipia uamuzi mmoja mara mbili, na wafugaji waliulipia zaidi.

Kwa nini haikusikika

Jibu la haraka ni kwamba viongozi hawasomi. Siliamini. Wizara ya Maji ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa mradi, na maofisa wake waliyafahamu matokeo vizuri. Tatizo ni kwamba uamuzi wa 2006 haukufanyiwa katika meza ambayo tathmini ilikuwa imewekwa. Uhifadhi ulikuwa na wizara yake, nishati yake, mifugo yake; mkakati wa dharura ulitoka ofisi nyingine kabisa, ndani ya wiki chache, nchi ikiwa gizani. SMUWC ulikuwa umekwisha miaka minne kabla. Timu ilikuwa imetawanyika, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimama na kusema: jambo hili tulishalipima.

Halafu kuna uzito wa kisiasa wa kila jibu. Kufunga mabanio Oktoba kunagusa makumi ya maelfu ya wapiga kura, mashamba makubwa, wafadhili waliojenga yale mabanio ya zege, na mchele ambao nchi inauhitaji. Kurekebisha uendeshaji wa mabwawa kunagusa shirika la umma. Kumwondoa mfugaji anayehamahama, ambaye wengi walimwona mgeni Usangu hata kama watoto wake wamezaliwa pale, hakukugusa mwenye nguvu yeyote. Tathmini yoyote inayokwenda serikalini inapaswa kuandikwa na watu wanaojua kwamba majibu yake yana gharama zisizo sawa, na kwamba lile la bei nafuu kisiasa litachukuliwa kwanza hata kama limeandikwa kwa herufi ndogo kabisa.

Watafiti nao wana sehemu yao. Ripoti zao zilikuwa nene na za kitaalamu, na toleo la Kiswahili la kurasa chache ambalo diwani wa Rujewa au mbunge angeweza kulishika mkononi na kulinukuu halikupewa uzito unaolingana. Lile la ng'ombe milioni lilikuwa sentensi moja. Mwenye sentensi moja hushinda mwenye majalada.

Ilipoingia

Lakini ni kosa kusema tathmini haikuzaa kitu. Ilizaa pale ambapo palikuwa na mkono wa kuipokea. Ofisi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa na watu wake Rujewa, ilianza kufunga malango ya mabanio kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuwa ilikuwa na mamlaka, ufunguo na sasa sababu. Wazo la bwawa la Lugoda kwenye Ndembera, la kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia Ihefu kiangazi, lilitokana na uelewa huo huo wa misimu.

Katika sheria alama yake inaonekana zaidi, ingawa Usangu haikuwa chanzo pekee. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliyapa mazingira nafasi ya pili baada ya maji ya majumbani, mbele ya umwagiliaji na umeme. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ikaweka dhana ya akiba: kiasi cha maji kinachotengwa kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mfumo ikolojia kabla vibali vingine havijagawanywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inataka tathmini ya kimkakati kwa sera, mipango na programu zinazoweza kuathiri mazingira kwa kiasi kikubwa. Mtu akiuliza leo lita ngapi ni za mto wenyewe, analo dai la kisheria. Mwaka 1993 hakuwa nalo.

Kilichobaki ni vibali. Ile akiba haitakuwa na meno hadi kila kibali cha Usangu kiandikwe kwa misimu: kiasi hiki masika, kiasi kile kiangazi, na sifuri pale mto ukishuka chini ya kiwango fulani. Bila hivyo sheria inataja haki ya mto na kibali kinaigawa upya chini yake.

Leo hoja ya zamani imerudi na jina jipya. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, la megawati 2,115, limeongezwa kwenye orodha ya sababu za kuwabana watu wa Mbarali, wilaya ya huko Usangu. Benki ya Dunia ilikuwa imetoa mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa utalii wa kusini, REGROW, ambao kipengele chake kimoja kiligusa maji ya Usangu. Malalamiko ya wanavijiji wanaozunguka Hifadhi ya Ruaha yalifika kwenye jopo la ukaguzi la benki hiyo, utoaji wa fedha ukasitishwa Aprili 2024 na mradi ukafutwa Novemba mwaka huo. Kabla ya kumhamisha mtu kwa jina la bwawa hili, na iwekwe mezani takwimu inayojulikana tangu zamani: Ruaha Mkuu wote huchangia takriban asilimia 15 ya maji ya Rufiji, wakati Kilombero peke yake huchangia zaidi ya asilimia 60. Na ndani ya hiyo 15, maji ya kiangazi ya Usangu ni sehemu ndogo sana.

Ombi langu kwa Wizara ya Maji ni jepesi kulitekeleza. Vipimo vya kila siku vya N'giriama na Msembe vibandikwe hadharani kuanzia Julai hadi Desemba, kwa Kiswahili, kando ya orodha ya vibali vilivyo wazi wiki hiyo na lita za kila kimoja, Rujewa, Iringa na mtandaoni.